Waliusaka mlango wa sauti, wakaukuta wa maumivu

Ukishinda kwenye mashine ya kusaga pale Mwanjelwa, au kando ya misumeno ya kupasulia mbao Mafinga, jioni ukitoka masikio yanavuma. Hayaumi, yanavuma tu, na asubuhi unaona yametulia. Kwa kuwa hayakuuma, kesho unarudi palepale. Kidole kikigusa sufuria ya moto kinajiondoa hata kabla hujawaza. Sikio linaloharibiwa na kelele siku baada ya siku halijiondoi. Inakuwaje kiungo kinachomsikia mbu gizani kikakosa ulinzi ambao hata kisigino kinao?

Swali hili linagusa fani mbili ambazo kwa muda mrefu zilifanyiwa kazi katika vyumba tofauti, ya usikivu na ya maumivu. Wapo watafiti wachache waliojikuta wanavuka kutoka moja kwenda nyingine, na njia nzuri ya kuielewa habari hii ni kufuata nyayo zao. Nitamfuata hasa Kelvin Kwan, ambaye leo ana maabara yake Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani. Nimemchagua kwa sababu hatua kubwa ya mwanzo ya kazi yake ilikuwa kuonyesha kwamba jibu ambalo maabara aliyokuwa akifanyia kazi wakati huo ilikuwa imelitangaza, naye akiwa mmoja wa waliolitangaza, halikuwa sahihi.

Tuanze na sikio lenyewe. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo unagonga kiwambo cha sikio, vifupa vitatu vidogo vinaupokea na kuusukuma ndani ya koklea, mfereji uliojiviringa uliojaa majimaji. Humo ndani, kila sikio la binadamu lina seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 hivi: takriban 3,500 ni za ndani, ndizo zinazopeleka habari ubongoni, na zilizobaki ni za nje, kazi yake kuikuza sauti dhaifu. Ukilinganisha na jicho, lenye seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni mia moja, hii ni akiba ndogo mno. Tunazaliwa nayo, na ikipungua haiongezeki.

Juu ya kila seli vinyweleo vimesimama kwa safu, vifupi mbele ya virefu. Ncha ya kifupi imeunganishwa na ubavu wa kirefu kilicho nyuma yake kwa uzi mwembamba sana, ulioelezwa na James Pickles na wenzake mwaka 1984. Sauti ikipita, vinyweleo vinainama na uzi unakazika. Fikiria kamba iliyofungwa kwenye komeo la banda la mbuzi: ukiivuta, komeo linatoka na mlango unaachia. Uzi wa kwenye seli nao unavuta mlango ulio kwenye ncha ya unywele, na ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za potasiamu na kalsiamu zinaingia. Umeme wa seli unabadilika, neva inapokea habari, nawe unasikia jina lako likiitwa.

Kwamba mlango huo unavutwa moja kwa moja, bila kemikali ya katikati, walianza kulionyesha James Hudspeth na David Corey miaka ya 1970 kwa kutumia seli za chura. Hoja yao kubwa ilikuwa kasi. Mlango unafunguka ndani ya sehemu chache za laki moja za sekunde, na hakuna mnyororo wa kemikali unaoweza kukimbia hivyo. Hadi hapo mambo yalikuwa wazi. Lililobaki ni kujua mlango huo umeundwa na protini gani, na hapo ndipo watu walipohangaika kwa miongo. Seli moja ya sikio ina milango ya aina hiyo isiyozidi mamia machache. Protini ya kupokea mwanga kwenye jicho ipo kwa mamilioni katika seli moja, kwa hiyo iliwezekana kuichuja na kuipima mapema. Ya sikio ilikuwa adimu kiasi kwamba hata ukikusanya masikio mengi ya wanyama, unachopata hakitoshi.

Mwaka 2004 maabara ya Corey, Chuo Kikuu cha Harvard, ilitangaza katika jarida la Nature kwamba imempata mgombea. Walikuwa wamepekua ukoo wa protini zijulikanazo kama TRP, zaidi ya ishirini, wakitafuta iliyopo kwenye seli za sikio wakati uleule seli hizo zinapoanza kuitikia mguso. TRPA1 ilionekana kufaa. Walipoipunguza katika samaki wadogo na katika seli za panya, mwitikio ulishuka. Miongoni mwa waandishi wa makala hiyo walikuwamo Kwan, Jaime García-Añoveros na Jeffrey Holt. Naomba uyakumbuke majina hayo matatu, maana kila mmoja baadaye alishika njia yake, na njia zote tatu zinaingia katika habari hii.

Neno walilotumia wenyewe lilikuwa "mgombea". Kumthibitisha kulihitaji jaribio moja gumu: kuzalisha panya asiye na jeni ya TRPA1 kabisa, kisha kumpima usikivu. Kama TRPA1 ndiyo mlango wa sauti, panya huyo lazima awe kiziwi. Kwan aliifanya kazi hiyo akiwa na Corey, kwa kushirikiana na Clifford Woolf, mtaalamu wa maumivu. Matokeo yalitoka mwaka 2006 katika jarida la Neuron. Panya walisikia vizuri. Mizani ya mwili ilikuwa sawa. Seli zao za sikio ziliitikia mguso kama za panya wa kawaida.

Lakini walipopakwa mafuta ya haradali mguuni, panya hawa hawakujali sana. Panya wa kawaida huunyanyua mguu, huulamba na kuutikisa. Hawa walitulia. Mwaka huohuo kundi la David Julius huko San Francisco, likitumia panya waliozalishwa kwa njia nyingine, lilifikia jibu hilohilo kuhusu haradali. Makundi hayo mawili hayakukubaliana juu ya baridi: la Kwan liliona panya wake hawaitikii baridi kali ipasavyo, la Julius halikuona tofauti, na ubishi huo uliendelea miaka mingi. Kuhusu sikio hapakuwa na ubishi. Protini iliyokuwa ikisakwa kama mlango wa sauti ilikuwa mlango wa maumivu.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu naona watu wengi wanaosoma habari za sayansi hudhani utafiti ukigeuka hivi umeharibika. Mimi naliona ni tendo la heshima. Maabara iliyotoa tamko kubwa mbele ya dunia ndiyo iliyojenga kipimo cha kulibomoa, na kijana aliyekifanya kipimo hicho alikuwa amelisaini tamko lenyewe. Vijana wetu wanaosomea udaktari na sayansi pale Mbeya wanastahili kusimuliwa habari hii mapema, kabla hawajafundishwa kuogopa matokeo yasiyolingana na walichotarajia.

Sasa TRPA1 inafanya nini hasa? Maumivu nayo huanza na milango kwenye utando wa neva. Ukijikata na jembe mguuni unaumia mara mbili: kwanza mchomo mkali wa ghafla, kisha baada ya sekunde hivi unakuja uchungu mzito unaopwita. Ni neva mbili tofauti zinaleta habari moja. Ya kwanza imefunikwa na mafuta yanayoharakisha umeme, nayo hukimbia mita kadhaa hadi makumi kwa sekunde. Ya pili ni nyembamba, haina kifuniko, na huenda mita moja hivi kwa sekunde. Kutoka kwenye kidole cha mguu hadi juu ni safari ndefu. Kwenye ncha za neva hizi ndipo milango ilipo. Mmoja, TRPV1, aliubainisha Julius mwaka 1997: unafunguliwa na pilipili, na pia na joto linalozidi nyuzi 43 hivi, ndiyo maana pilipili kichaa inaunguza bila moto. Mwaka 2021 Julius alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo, pamoja na Ardem Patapoutian aliyegundua milango ya mguso iitwayo Piezo.

TRPA1 ni mlango wa vitu vinavyowasha. Haradali, kitunguu saumu kibichi na mdalasini vinaufungua. Unafunguliwa pia na akrolini, kemikali iliyomo kwenye moshi wa kuni. Mama anayepuliza kuni mbichi za mkaratusi jikoni huko Tukuyu au Njombe, ambako baridi inawakusanya watu ndani mlango ukiwa umefungwa, machozi yanamtoka na kifua kinambana kwa sababu TRPA1 ya machoni na kooni inafanya kazi yake. Mwili unamwambia: toka. Ujumbe huo ni wa kweli, moshi unadhuru mapafu yake, na kuuzoea hakuondoi madhara.

Woolf naye alikuwa ameleta jambo lingine kwenye fani hii tangu mwaka 1983. Alionyesha kwamba baada ya jeraha, uti wa mgongo wenyewe hubadilika na kuanza kukuza habari zinazoingia, hata mguso mwepesi wa shuka unauma. Jeraha linaweza kupona na ukuzaji ukabaki. Wagonjwa wengi wenye maumivu ya muda mrefu wameambiwa "huna kitu" kwa sababu picha ya eksirei ilikuwa safi. Maumivu yao ni halisi. Yako kwenye waya.

Turudi sikioni, kwenye swali la mwanzo. García-Añoveros, wa pili katika wale watatu, alianzisha maabara yake Chuo Kikuu cha Northwestern huko Chicago, na swali lililomkaa ni kama koklea ina hisia ya maumivu. Neva inayotoka kwenye koklea ina nyuzi karibu 30,000. Nyingi kati ya hizo ni nene na zimefunikwa, zinatoka kwenye seli za ndani, na kazi yake inafahamika. Lakini kama asilimia tano ni nyembamba, hazina kifuniko, zinatoka kwenye seli za nje, na sauti ya kawaida haiziamshi kwa urahisi. Ukizitazama zinafanana na zile neva za maumivu za polepole za kwenye ngozi.

Mwaka 2015 majibu mawili yalitoka. Kundi la García-Añoveros lilitumia panya ambao seli zao za ndani haziwezi kupeleka habari kwenye neva, yaani viziwi kabisa. Kelele ya kiasi haikuamsha chochote kwenye shina la ubongo la panya hao. Kelele ya kiwango cha kuharibu iliamsha. Kulikuwa na njia nyingine, isiyo ya kusikia, inayobeba habari ya uharibifu. Paul Fuchs na Elisabeth Glowatzki wa Johns Hopkins, pamoja na mwenzao, wao walizirekodi nyuzi hizo nyembamba moja kwa moja na kuona zinaamka pale seli za jirani zinapopasuka na kumwaga kemikali iitwayo ATP.

Kwa hiyo sikio lina king'ora. Tatizo ni wakati kinapolia: baada ya seli kupasuka. Maumivu ya wazi kutokana na sauti huanza kwenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 120 na kupanda. Madhara yanaanza mbali chini ya hapo. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, muda salama unagawanywa kwa mbili. Desibeli 88 ni saa 4; desibeli 100 ni robo saa. Kati ya 85 na 120 pana uwanja mpana ambamo seli zinakufa na hakuna anayeumia. Humo ndimo wanamofanya kazi msaga nafaka wa Mwanjelwa, fundi wa kuchomelea na kukata vyuma pale Sido, mpasua mbao wa Mafinga na kijana wa karasha la mawe ya dhahabu Chunya.

Kipimo cha haraka hakihitaji chombo. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, umeshafika kwenye hatari. Pamba ya kawaida masikioni inapunguza kidogo mno. Vizibo vya povu au vifuniko vya masikio ndivyo vinavyosaidia, na kupumzika mbali na mashine kunasaidia pia. Wenye mashine wengi huwanunulia vijana barakoa za vumbi, na hilo ni jema. Vizibo navyo viwekwe kwenye bajeti ileile.

Mlango wa kweli wa sauti sasa. Holt, wa tatu, aliendelea kuusaka. Mwaka 2002 jeni iitwayo TMC1 ilikuwa imebainishwa katika familia zenye uziwi wa kurithi huko India na Pakistan, lakini kazi yake haikujulikana. Mwaka 2011 Holt na Andrew Griffith walionyesha kwamba panya wasio na TMC1 na ndugu yake TMC2 wana seli zenye vinyweleo visivyoitikia kabisa. Mwaka 2018 Holt na Corey wakiwa pamoja tena walileta ushahidi kwamba TMC1 ndiyo inayounda tundu la mlango. Karibu miaka 40 tangu wale chura.

Mlango huu una habari ya huzuni inayotuhusu sisi wa Nyanda za Juu Kusini kwa karibu. Mwaka 1943, katika maabara ya Selman Waksman hukohuko Rutgers aliko Kwan leo, Albert Schatz aligundua streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kutibu kifua kikuu. Wagonjwa wa mwanzo walipona, na baadhi yao walianza kupepesuka na kupoteza usikivu. Ndugu za dawa hiyo, kanamaisini, amikasini na gentamaisini, zina tabia hiyohiyo. Baadaye sana ndipo ilipoeleweka sababu: molekuli za dawa hizi zinapita katika mlango uleule wa sauti, zinaingia ndani ya seli yenye vinyweleo, zinakaa humo muda mrefu na kuiua. Sikio linatiwa sumu kupitia uwezo wake wa kusikia. Hapa pia hakuna maumivu. Zinaanza kufa seli za sauti nyembamba, kwa hiyo mgonjwa anasikia watu wanaongea lakini herufi kama s, f na ch zinamponyoka, anadhani wanamnong'onea.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa kifua kikuu sugu alichomwa sindano za aina hii kila siku kwa miezi. Waliotoka huku kusini kwenda kutibiwa hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, katika miaka ya mwanzo ya tiba hiyo nchini, walisafiri umbali wote ule kwa tiba ambayo ingeweza kuwagharimu masikio. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamaisini iachwe katika tiba hiyo, na mwaka 2022 likapendekeza mchanganyiko wa vidonge vitupu kwa miezi sita. Mabadiliko kama haya hutokana na tafiti zinazowahusisha wagonjwa wenyewe, na kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ni kati ya vituo vya Afrika vilivyofanya tafiti za tiba ya kifua kikuu kwa miaka mingi. Gentamaisini bado inatumika, hasa kwa vichanga wenye maambukizi makali, na inaokoa maisha yao. Mzazi ambaye mtoto wake aliipata ana haki ya kuomba mtoto apimwe usikivu baadaye. Asiye na uwezo wa kusema hawezi kulalamika kwamba hasikii.

Je, seli zilizokufa zinaweza kurudi? Kwa kuku, ndiyo. Mwaka 1988 makundi mawili ya watafiti, moja likitumia kuku na jingine kware, yalionyesha kwamba ndege waliopoteza seli za vinyweleo huziotesha upya ndani ya wiki chache. Jogoo aliyezibwa masikio na kelele anarejea kusikia. Mamalia tumeupoteza uwezo huo, na kuurudisha ndiyo kazi kubwa ya sasa. Mwaka 2022 García-Añoveros na wenzake waliitambua jeni TBX2 kuwa ndiyo inayoamua seli changa iwe ya ndani au ya nje. Bila kujua hilo, hata ukiziotesha hujui umeotesha zipi. Kwa aina moja ya uziwi wa kuzaliwa, unaotokana na jeni ya otoferlini, tiba ya kupandikiza jeni tayari imefanya kazi: mwaka 2024 madaktari wa Shanghai walitangaza kwamba watoto watano kati ya sita waliotibiwa walianza kusikia. Aina hiyo ni adimu, na seli za watoto hao zilikuwa hai zikingoja jeni moja tu. Fundi aliyekaa miaka 20 kwenye mashine hana seli zinazongoja.

Upande wa maumivu nao umesogea. Januari 2025 Marekani iliidhinisha suzetrijini, kidonge kinachoziba mlango wa sodiamu uitwao NaV1.8, uliopo kwenye neva za maumivu na si ubongoni, kwa hiyo hakitarajiwi kuleta uraibu kama dawa za jamii ya mofini. Bei yake bado iko mbali na duka la dawa la Uyole.

Kwan mwenyewe alirudi kwenye sikio. Maabara yake Rutgers inashughulika na seli changa za sikio la ndani, ikitafuta namna ya kuzielekeza ziwe neva za kusikia. Sababu ni kwamba seli yenye vinyweleo ikifa, mara nyingi neva iliyoshikamana nayo hunyauka baadaye, na hata kifaa cha kupandikizwa kwenye koklea kinahitaji neva hai ili kipeleke habari. Kuna ushahidi kutoka kwa panya, tangu mwaka 2009, kwamba kelele inaweza kukata maungio ya neva na seli hata pale kipimo cha kawaida cha usikivu kinaporudi kuwa kizuri baada ya siku chache. Yaani yule aliyeamka asubuhi akaona masikio yametulia huenda tayari alikuwa amepoteza maungio, na anachokigundua kwanza ni kwamba kwenye kelele za stendi haelewi kondakta anasema nini.

Kuotesha neva ni nusu ya kazi. Lazima ifike kwenye seli sahihi upande mmoja na kwenye shina la ubongo upande wa pili, kwa mpangilio wa sauti nene na nyembamba uleule uliokuwapo. Hapo ndipo utafiti ulipo sasa.